Barabara Ikihama, Nani Huifuata

Sisi tuliokulia Mgololo tuliijua barabara kuu kabla hatujaiona kwa macho. Tuliijua kwa malori. Yalifika kutoka Mafinga yakiwa matupu, udongo mwekundu umeganda hadi kwenye milango, na yalipoondoka yalikuwa yamebeba mabunda ya karatasi ya kahawia, kila bunda limeviringishwa likamzidi mtoto kimo. Madereva waliolala usiku mmoja kusubiri mzigo walizungumza habari za Makambako, Tunduma na Dar es Salaam kama watu wanaotaja vitongoji vya jirani. Mtu akienda Mafinga tulisema ameenda lami, na akirudi tulimzunguka kutaka kujua ameona nini.

Kiwanda cha karatasi kilikuwa ndiyo sababu ya sisi wote kuwa pale. Kilijengwa miaka ya 1980 kwa jina la Southern Paper Mills, huku ndani kabisa ya Mufindi, kwa sababu misonobari ya Sao Hill ilikuwa imeshakua, maji yalikuwepo, na reli ya TAZARA ilikuwa inapita jirani. Upepo ukigeuka, harufu ya mayai viza kutoka kwenye mitambo ya kupikia vipande vya magogo iliingia hadi jikoni. Wageni waliziba pua. Sisi tulijua kuwa kazi inaendelea na mshahara upo.

Kisha, miaka ya 1990, uzalishaji ukasimama. Nilikuwa msichana mdogo, sikuelewa mambo ya mashirika ya umma wala ubinafsishaji, ila niliona kilichotokea barabarani. Malori yalipungua, halafu yakakoma. Nyumba ya kulala wageni ikawa ghala la mahindi. Mama aliyekuwa akipika ugali na nyama kwa ajili ya madereva alifunga mabanda yake akarudi kwao Njombe. Duka la vipuri likafungwa. Hakuna mtu aliyetufukuza Mgololo. Madereva waliacha kupita tu, na hilo likatosha. Kiwanda kilifufuka baadaye, miaka ya 2000, kikiwa mali ya watu binafsi na jina jipya la Mufindi Paper Mills, lakini kabla ya hapo wazazi wangu walikuwa wameshaamua niende kwa shangazi Mbeya nikasome. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutazama barabara na kujiuliza inamlisha nani.

Shangazi alikuwa anauza mchele katika soko la Mwanjelwa. Nilipofika nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akanipa sado mkononi na kunionyesha namna ya kupima: unajaza, unaongeza kilima juu, halafu unamwongezea mteja kiganja kimoja mbele ya macho yake. Mchele wa Usangu ulikaa upande huu, wa Kyela upande ule, na ole wake atakayeuchanganya. Meza yake ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye lami. Ukinyanyua kichwa unaona matairi ya malori ya mafuta yanayokwenda Zambia, makubwa, yanapita karibu kiasi kwamba mchele wa juu ya sado unatetemeka.

Nilidhani hapo ndipo Mbeya ilipoanzia. Jirani yetu, mzee aliyekuwa dereva enzi za ujana wake, ndiye aliyenionyesha kwamba mji wenyewe uko juu, na kwamba barabara iliuacha.

Mbeya ilianzishwa mwaka 1927, chini ya mlima Loleza, na miaka michache baadaye dhahabu ya Lupa kule Chunya ikaijaza wachimbaji, wafanyabiashara wa Kihindi na maofisa wa Kiingereza. Barabara ya wakati huo ilikuwa ni ile ndefu ambayo wakoloni waliota iwe moja kutoka Cape Town hadi Cairo. Kwa upande wetu ilitoka Tunduma ikaja Mbeya, ikaenda Iringa, Dodoma, Arusha na kuingia Kenya kwa Namanga. Ilikuwa ya udongo. Mzee alisema msafiri aliyefika Mbeya siku hizo alifika mjini hasa: palipo na ofisi za Serikali, hoteli, maduka yenye baraza na fundi cherehani kwenye kila baraza. Dereva alinunua betri ya tochi, akala, akalala, akaondoka asubuhi.

Kilichobadilisha mambo kilianzia mbali. Novemba 11, 1965, Ian Smith alitangaza uhuru wa walowezi huko Rhodesia, na Zambia, nchi iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ikajikuta imefungiwa njia yake ya kusini. Shaba haikuwa na pa kutokea, mafuta hayakuwa na pa kuingilia. Ndipo malori yakaanza kutoka Dar es Salaam na mapipa ya mafuta, yakipanda mlima wa Kitonga, yakivuka nyanda za Mufindi na Usangu, yakishuka Tunduma, kwenye barabara ambayo masika iligeuka tope na kiangazi ikageuka vumbi lisilopisha taa. Waliiita njia ya jehanamu. Mzee wetu alikuwa mmoja wa waliopita humo. Hakuwa mtu wa kujisifu. Alikunja suruali akatuonyesha kovu kwenye ugoko, akasema tu, "Hapa ni Chimala, wanangu. Pipa lilifunguka tukiwa mlimani."

Bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika mwaka 1968. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, Wachina wakaijenga kuanzia 1970, na ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Na katikati ya hayo, kwa fedha ambazo sehemu kubwa ilitoka Marekani, barabara ya udongo ikawa lami hadi Tunduma. Mataifa makubwa yalikuwa yakishindana nani aijengee Afrika huru njia yake, na Nyanda za Juu Kusini zikapata vyote vitatu, bomba, reli na lami, katika muda wa miaka kumi tu. Sijui mahali pengine Tanzania palipopata bahati ya namna hiyo kwa mkupuo.

Lami ilipofika Mbeya haikupanda mjini. Ilipita bondeni, kusini mwa mji wa zamani, kwenye ardhi iliyonyooka: Uyole, Ilomba, Mwanjelwa, Iyunga, kisha Mbalizi. Kwa mhandisi huo ulikuwa uamuzi sahihi kabisa. Lori la tani nyingi halina shughuli kwenye mtaa wa cherehani. Hata stesheni ya TAZARA ikawekwa huko huko chini. Wenye mji waliendelea kuuita mji wa juu "mjini", na mpaka leo mtu wa Mwanjelwa anayekwenda benki au mahakamani husema anapanda mjini. Lakini wageni, mizigo na fedha za mkononi zilibaki chini.

Nimewaza sana ni nani waliofuata. Wenye majengo ya mawe hawakuhama, jengo halibebeki. Waliohama ni wenye mabeseni. Mama wa ndizi kutoka Rungwe hakuwa na kodi ya fremu iliyomshikilia mjini, wala jina juu ya mlango. Alichohitaji ni mahali basi linapopunguza mwendo. Akaweka beseni lake Uyole, njia ya Tukuyu inapokutana na barabara kuu, na baada yake akaja wa viazi, wa parachichi, wa maziwa ya mgando. Kisha akaja fundi wa kuziba pancha, mwenye jenereta na tairi moja bovu aliloliegemeza kwenye mti kama bango. Kisha gereji, kituo cha mafuta, gesti. Ofisi ya kata ilikuja mwisho. Mji wote wa chini ulijengwa kwa mpangilio huo, kutoka kwa aliye maskini kwenda kwa mwenye mamlaka, na wapangaji wa miji walipofika na ramani walikuta watu wameshazaa watoto hapo.

Kama ungetaka kuona jambo hilo likitokea mbele ya macho yako, ungekuwa Mwanjelwa mwezi Desemba mwaka 2006, soko lilipoungua. Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima, nimerudi likizo. Moto ulikula usiku, na asubuhi palikuwa na mabati yaliyojikunja na harufu ya mchele ulioungua, harufu inayofanana na ukoko wa sufuria ila imetanda mtaa mzima. Shangazi alisimama na wenzake akitazama mahali meza yake ilipokuwa. Hakusema mengi. Alikuwa na mkopo wa kikundi, na magunia yaliyoteketea hayakuwa yake peke yake. Siku zile zile, kabla ya kikao chochote kutoa uamuzi wowote, kando ya lami palitandikwa maturubai. Nyanya, dagaa, mitumba, vitenge, vyote chini. Shangazi alikopa magunia mawili kwa mfanyabiashara wa Ubaruku anayemfahamu, akaazima sado, akakaa. Ujenzi wa soko jipya ulichukua miaka. Lilipokamilika, la ghorofa, zuri, wengi waliokuwa wamekaa kando ya barabara walisita kuingia ndani, maana wateja wao walikuwa wamezoea kununua bila kupanda ngazi.

Kuna watu huyaita haya ukaidi. Nimekaa kwenye vikao na kusikia wamachinga wakizungumzwa kama magugu. Mimi naona ni elimu. Mtu aliyeuza kando ya barabara kwa miaka anajua mtiririko wa watu kwa saa, kwa siku ya mshahara na kwa msimu wa mavuno, kuliko mtaalamu yeyote aliyekuja na dodoso. Tukimuuliza kabla ya kujenga, tunajenga soko litakalojaa.

Lakini barabara inayolisha ndiyo hiyo hiyo inayoua, na hapa sitaki kupamba. Barabara kuu ya kimataifa iligeuka kuwa mtaa mkuu wa jiji. Mbeya ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2005, na bado shaba ya Kongo, mafuta ya Zambia, magari ya IT, yaani yanayopitishwa kwenda nchi jirani, yanayokimbilia Tunduma, daladala, bajaji, bodaboda na watoto wa shule walikuwa wakigombania njia mbili zile zile za lami, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Na Mbeya ni nchi ya miteremko. Kutoka Uyole kuingia mjini unashuka. Kutoka Iwambi kwenda Mbalizi unashuka. Lori lililotoka mbali likiwa limeelemewa hufika hapo breki zimechoka. Tulikuwa tunazisikia kwanza kwa pua: ule moshi mkali wa breki zilizoungua. Utingo anaruka chini na gogo, anakimbia sambamba na tairi, analitupia. Mara nyingi linashika. Siku ambayo halikushika, mbele ya meza za akina mama, alipotea mwanamke aliyekuwa akituuzia ndizi za kuchoma tukitoka shule. Aliacha watoto. Wiki iliyofuata nafasi yake ilikuwa na beseni la mtu mwingine, na sikuona wa kumlaumu, kwa sababu mahali pale basi lilikuwa bado linapunguza mwendo.

Nilipokwenda kusoma Iringa nilikuta mji uliopata kinga ambayo Mbeya haikuipata. Iringa imekaa juu ya kilima, na barabara kuu inapita bondeni, Ipogolo, kando ya Ruaha Mdogo. Kilima ni kikali kiasi kwamba mji haukuweza kushuka wote. Malori yalipita chini usiku kucha, na sisi juu, Miomboni na Gangilonga, tulilala. Abiria wa mabasi ya usiku walishushwa Ipogolo na kuanza kutafuta gari la kuwapandisha. Siku hizi stendi kuu imepelekwa Igumbilo, chini huko kwenye lami. Basi halipotezi tena muda kupanda na kushuka, jambo la maana. Ila mama aliyekuwa akiuza chapati na maharage karibu na stendi ya zamani amelazimika kuchagua: ateremke, au abaki na wateja wa ofisini wanaokula saa nne na saa saba tu. Tulipokutana tukasalimiana kamwene, nikamuuliza anaonaje. Akaniambia binti yake yuko Igumbilo, yeye yuko mjini, wamegawana.

Iringa ndiyo iliyonifundisha kwamba barabara iliyoachwa inaweza kuitwa tena. Lile tawi la kaskazini la barabara ya zamani, linalotoka Kihesa kupitia Nduli, Isimani, Migori hadi Mtera na Dodoma, lilipoa baada ya uzito wote wa magari kuhamia upande wa Morogoro. Isimani ilikuwa imewahi kuwa ghala la mahindi, na mashamba yake makubwa yakawa kitovu cha mvutano wa siasa ya ujamaa. Kando ya njia hiyo uko mnara wa Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa aliyeuawa na mkulima Said Mwamwindi siku ya Krismasi mwaka 1971. Nilipopita huko mara ya kwanza, basi lilikuwa moja kwa siku, na vumbi tulilitema hadi Mtera. Leo ni lami tupu. Ilizinduliwa mwaka 2018, wakati Serikali ilipokuwa ikihamia Dodoma, na ghafla njia ya wakoloni iliyosahaulika ikawa njia fupi ya mtu wa Mbeya kufika makao makuu. Migori ninayoiona sasa ina samaki wa bwawa la Mtera waliopangwa kwenye vichanja kando ya lami. Waliokuja kwanza, kama kawaida, ni akina mama wenye mabeseni.

Narudi Mbeya, maana huko ndiko jambo hili linatendeka sasa hivi. Barabara inapanuliwa kuwa ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, yaani mji mzima wa chini kutoka ncha hadi ncha. Ilitakiwa zamani. Pamoja nayo umekuwepo mpango wa barabara ya mchepuko kutoka upande wa Uyole hadi Songwe, ili malori yasiingie mjini kabisa. Naunga mkono yote mawili kwa moyo wote. Nimemzika mtu kwa ajili ya ile barabara nyembamba.

Ninachokitaka ni kwamba tusirudie ya bondeni. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi 60, yaani kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande wa mstari wa kati. Kwa mwenye nyumba, tofauti hiyo ya mita saba na nusu inakuja kwa rangi ya X ukutani. X nyekundu ni kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, naye halipwi. X ya kijani ni kwa yule ambaye sheria ndiyo iliyomfuata, naye analipwa. Mwenye beseni hapakwi rangi yoyote, kwa kuwa hana ukuta. Hayumo kwenye daftari la fidia wala kwenye mchoro wa mhandisi, na bado ndiye aliyeufanya mtaa ule uwe mtaa. Atakapoondolewa atakwenda kutafuta gari linapopunguza mwendo, na kwenye njia nne magari hupunguza mwendo kwenye matuta, makutano na vivuko, mahali pabaya kuliko pote pa kuweka mtoto mgongoni na ndizi chini.

Kwa hiyo ziwekwe barabara za pembeni kwa daladala na bajaji, na kando yake meza za kudumu, zenye paa na choo, kila penye kituo. Viwepo vivuko vya juu Mwanjelwa na Uyole, vyenye mteremko wa kumwezesha mama kupita na beseni kichwani. Yawepo maegesho ya malori kabla ya miteremko, yenye mafundi breki na mama lishe, ili dereva awe na sababu ya kusimama juu badala ya kujaribu bahati yake chini. Na kwenye mchepuko, viwanja vya soko na stendi ndogo vipimwe kabla ya kifusi cha kwanza kumwagwa, kwa sababu bei ya ardhi husikia habari za barabara mapema kuliko halmashauri. Gharama za mambo haya ni ndogo ukilinganisha na lami yenyewe.

Kule nyumbani pia tunasubiri. Ahadi ya lami kutoka Mafinga hadi Mgololo nimeisikia tangu utotoni, na kila niendapo kumwona baba naona watu wameshaanza kusogeza vibanda vyao kuelekea mahali wanapodhani itapita.

Shangazi sasa ni mtu mzima. Fremu aliyoijenga kwa faida ya mchele, baada ya miaka mingi ya kukaa chini kwenye turubai, iliwekewa X nyekundu, na ameshaitoa milango na mabati kabla ya kubomolewa. Nilipompigia simu kumpa pole, alinisikiliza kwa adabu, akasema ahsante mwanangu, kisha akaniuliza kama nina mtu ninayemfahamu huko Songwe anayeuza kiwanja, hata kidogo, kinachotazama njia.